Tezi ya shingoni imesema Kikuchi, damu imesema ANA: je, ni lupasi?

Swali: Nina umri wa miaka 26. Miezi mitatu iliyopita nilivimba tezi upande wa kushoto wa shingo, zikawa zinauma, nikapata homa kila jioni kwa karibu mwezi mzima. Nilipewa antibayotiki mara mbili bila nafuu, kisha nikaambiwa huenda ni TB ya tezi au saratani. Tezi moja ikatolewa, majibu yakasema ni ugonjwa wa Kikuchi. Daktari alisema utaisha wenyewe, na kweli homa imekwisha. Lakini nilipimwa pia ANA ikatoka chanya, 1:160, na seli nyeupe za damu zilikuwa chini. Vidole na magoti vinaniuma, na sasa nywele zinanyonyoka. Nimesoma kwamba Kikuchi hugeuka kuwa lupasi. Je, tayari ninayo? Nianze dawa za lupasi mapema kabla figo hazijaharibika? Na mdogo wangu wa kike, naye apimwe?

Jibu:

Dada, pole sana kwa miezi hii mitatu. Kwa haya uliyoandika, hakuna kinachothibitisha kwamba una lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe. Majibu ya tezi hayathibitishi, na ANA, kipimo cha kingamwili zinazoshika viini vya seli, haithibitishi. Lakini sitakuambia usahau jina hilo, kwa sababu Kikuchi na lupasi hukutana kwa mgonjwa mmoja mara nyingi mno kuita sadfa, na vipimo vinavyoweza kuzitenganisha inaonekana bado hujafanyiwa. Kwa hiyo ninachokuomba ni kukamilisha uchunguzi sasa, kisha kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Dawa zingoje majibu.

Ugonjwa wa Kikuchi, au Kikuchi-Fujimoto kwa jina kamili, ulielezwa mwaka 1972 nchini Japani na makundi mawili ya madaktari yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Masahiro Kikuchi kwa upande mmoja, Fujimoto na wenzake kwa upande mwingine. Taarifa nyingi bado zinatoka Asia, ila umeonekana katika kila bara na katika watu wa kila asili. Huwapata zaidi vijana wa chini ya miaka 40. Taarifa za mwanzo zilisema wanawake ni wanne kwa kila mwanamume mmoja. Zilizofuata zimeonyesha tofauti hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Wewe unafanana kabisa na mgonjwa anayeelezwa vitabuni: tezi za shingo, upande mmoja, zenye maumivu, homa inayopanda jioni, seli nyeupe kushuka.

Ndani ya tezi yako kulitokea jambo la pekee. Seli zilikufa kwa wingi, kwa njia ile ambayo mwili hutumia kuziua seli zake wenyewe kwa mpangilio. Viini vya seli hizo vilipasuka vikabaki vipande vidogo, na seli kubwa zinazokula mabaki, ziitwazo histiositi, zikajaa kuvisafisha. Kinachomvutia anayesoma kipande hicho kwenye hadubini ni kile ambacho hakipo: zile seli nyeupe zinazotengeneza usaha hazionekani. Mahali penye seli zilizokufa namna hiyo pangekuwa na bakteria wa kawaida, seli za usaha zingekuwa zimejaa. Ndiyo maana antibayotiki hazikukusaidia, na ndiyo maana kukurudishia antibayotiki mara ya tatu kusingesaidia pia. Kwenye TB, seli hukusanyika kwa mtindo wake, katika vinundu viitwavyo granuloma, na kwenye Kikuchi havipo.

Nashukuru kwamba tezi ilitolewa nzima. Sindano nyembamba huvuta seli chache tu, na ugonjwa huu unatambuliwa kwa jinsi seli zilivyopangika ndani ya tezi, jambo ambalo sindano mara nyingi haiwezi kulionyesha. Nashukuru pia kwamba hukuanzishiwa steroidi, dawa zinazotuliza kinga, kabla ya tezi kutolewa. Steroidi zinaweza kuzifanya tezi za limfoma, yaani saratani ya tezi, zinywee kwa muda na kuivuruga picha yake kwenye hadubini, kisha miezi ikapotea bure. Makosa ya upande wa pili yapo pia, nayo ni mazito zaidi: Kikuchi iliyo katika hatua ya mwanzo, wakati seli zinaongezeka kwa kasi na bado hazijafa nyingi, inafanana na limfoma kiasi kwamba wapo wagonjwa walioambiwa wana saratani ilhali hawakuwa nayo.

Sasa nije kwenye lupasi, na nitakaa hapa kidogo.

Chanzo cha Kikuchi hakijathibitishwa. Virusi vingi vimeshukiwa, kikiwemo kirusi cha Epstein-Barr, kirusi cha herpesi namba 6 na pavovirusi B19, lakini hakuna hata kimoja kilichopatikana kwa uthabiti kwa wagonjwa wote. Wazo linalokubalika zaidi ni kwamba kirusi au kichocheo kingine huamsha kinga kwa mtu ambaye maumbile yake ya kurithi yanamwelekeza huko, na kinga hiyo hujibu kwa nguvu kupita kiasi. Tangu mwaka 1982 watafiti wa Japani waliokuwa wakizitazama seli za Kikuchi kwa hadubini ya elektroni waliona ndani yake vijirija vidogo vilivyosongamana, na vijirija hivyo vilikuwa vimeshajulikana kwa wagonjwa wa lupasi. Tunajua leo kwamba hujitokeza seli zinapomiminiwa intaferoni, kemikali ambayo mwili huitoa kupambana na virusi. Seli maalumu zinazotoa intaferoni hiyo kwa wingi hujaa kwenye tezi za Kikuchi. Na seli hizohizo, pamoja na intaferoni hiyohiyo, ndizo zilizo katikati ya lupasi.

Unaona basi kwa nini magonjwa haya mawili hukutana. Kwenye lupasi, mabaki ya seli zilizokufa hayasafishwi ipasavyo. Vipande vya viini, pamoja na DNA iliyomo, hubaki vikizurura. Kinga huviona kama adui na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo zikishikana na DNA huchochea intaferoni zaidi, na mzunguko haukatiki. Kwenye Kikuchi kuna mabaki mengi vilevile na intaferoni nyingi vilevile, lakini kwa wengi usafi hukamilika, mzunguko hukatika, na tezi hunywea ndani ya mwezi mmoja hadi minne. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kusema Kikuchi "hugeuka" kuwa lupasi ni kulieleza jambo vibaya. Kinachoonekana kwa wagonjwa ni mambo matatu tofauti. Wapo ambao lupasi ilitangulia, kisha wakapata tezi za aina hii. Wapo ambao yote mawili yaligunduliwa kwa pamoja, na kati ya wenye magonjwa haya mawili hao ndio wanaoripotiwa zaidi. Halafu wapo ambao Kikuchi ilitangulia, ikaisha, na lupasi ikajitokeza miezi au miaka baadaye. Wewe unaliogopa hili la tatu. Mimi, kwa dalili zako, ningependa kwanza tuhakikishe hauko kwenye kundi la pili.

Ni wangapi hasa? Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2007 yaliwakusanya wagonjwa 244 wa Kikuchi walioripotiwa. 32 kati yao walikuwa na lupasi. Nchini Ufaransa, uchunguzi wa mwaka 2014 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 91. Kumi na wanane walikuwa na ugonjwa mwingine wa mwili mzima tangu kabla, na 11 kati ya hao ilikuwa ni lupasi; wengine 10 waligunduliwa lupasi pamoja na Kikuchi, na wawili ndani ya mwaka uliofuata. Kwa hesabu hizo ni kati ya mmoja kwa kila wanane na mmoja kwa kila wanne. Naomba uzisome namba hizo kwa tahadhari. Mgonjwa ambaye tezi zake zilinywea akarudi kazini hakuna daktari anayemwandika jaridani, lakini mwenye Kikuchi na lupasi pamoja huandikwa. Tena hospitali kubwa zinazofanya uchunguzi wa namna hii hupokea wagonjwa wagumu kuliko wengine. Ninaamini hatari halisi kwa mgonjwa wa kawaida iko chini ya hapo. Lakini haiko chini kiasi cha kuipuuza, na Wafaransa hao waliona jambo linalokuhusu: maumivu ya viungo, vidonda au upele wa ngozi, kupungua uzito na ANA chanya vilionekana zaidi kwa wale waliokuwa na lupasi. Wewe umetaja viwili kati ya hivyo. Hukutaja upele wala kupungua uzito. Kama vipo, mwambie daktari wako.

Tuzungumzie ANA, maana ndiyo iliyokutisha. Hizi ni kingamwili zinazoshika viini vya seli za mwili wenyewe. Namba 1:160 ina maana kwamba damu yako ilizimuliwa mara 160 na bado kipimo kiling'aa. Karibu kila mgonjwa wa lupasi ana ANA chanya, lakini kinyume chake si kweli. Uchunguzi wa kimataifa wa mwaka 1997 uliowapima watu wenye afya njema ulikuta karibu 32 katika kila mia wana ANA kwenye 1:40, karibu 13 kwenye 1:80, na 5 kwenye 1:160. Maambukizi ya virusi, magonjwa ya tezi ya thairoidi na baadhi ya dawa huweza pia kuipandisha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu mengi hupita bila tone. ANA yako inatupa sababu ya kutafuta zaidi, basi. Na hakuna haja ya kuirudia kila mwezi kuona kama namba inapanda au kushuka. Kupanda na kushuka kwake hakutuambii kama ugonjwa unaendelea.

Kuna jambo ambalo huenda daktari asiyezoea magonjwa haya akalikosea, na ningependa ulielewe wewe mwenyewe. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani, EULAR na ACR, vilitoa mfumo wa alama wa kuitambua lupasi. Mlango wa kuingilia ni ANA ya 1:80 au zaidi, na wewe umeupita. Baada ya hapo zinahesabiwa alama, na mtu akifikisha 10, zikiwa na angalau dalili moja ya mwilini, anawekwa kwenye kundi la lupasi. Homa ina alama 2. Seli nyeupe zikishuka chini ya 4,000 kwa mikrolita moja ya damu ni alama 3. Nywele kunyonyoka bila kuacha makovu ni alama 2. Viungo vikihusika ni alama 6. Jumlisha: 13. Mtu akikaa na karatasi na kalamu anaweza kukuambia leo hii kwamba una lupasi, na atakuwa amefuata hesabu, ila amesahau kanuni ya kwanza ya mfumo huohuo: dalili haihesabiwi kama kuna maelezo mengine yanayoifaa zaidi kuliko lupasi. Homa yako inaelezwa na Kikuchi. Seli nyeupe kushuka ni jambo la kawaida kabisa kwenye Kikuchi. Zilizobaki ni nywele na viungo, na hizo inabidi ziangaliwe moja moja.

Nywele kwanza. Homa kali ya wiki kadhaa huzisukuma nywele nyingi kwa pamoja kwenye hatua ya kupumzika, na hizo hudondoka miezi miwili hadi mitatu baadaye. Ukihesabu kutoka homa yako ilipoanza, muda unalingana vizuri. Nywele za namna hii hutoka kichwa kizima, huonekana nyingi kwenye kitana na kwenye mto, ngozi ya kichwa iko salama, na hurudi zenyewe ndani ya miezi. Nitakuwa na wasiwasi kama zinatoka kwa mabaka, kama ngozi chini yake ni nyekundu, ina magamba au kovu, au kama nywele za mbele kwenye paji zinakatikakatika na kubaki fupi.

Viungo ndivyo vyenye uzito. Maumivu ya viungo yanaweza kuwa sehemu ya Kikuchi yenyewe, hasa wakati wa homa. Lakini homa yako imekwisha na maumivu bado yapo. Unapoamka, je, vidole vimekakamaa? Hukakamaa kwa muda gani kabla ya kulainika? Vikiwa vimekaza kwa nusu saa au zaidi, na maumivu yapo kwenye viungo viwili au zaidi vikibonyezwa, hapo viungo vinahesabika; vivyo hivyo kama vimevimba kwa namna ambayo daktari anaihisi kwa vidole vyake. Kama ni maumivu ya kuzunguka, leo goti kesho kidole, bila uvimbe na bila kukakamaa, uzito wake ni mdogo zaidi. Hakuna kipimo cha damu kinachochukua nafasi ya daktari kuvishika viungo vyako kimoja kimoja. Kama bado havijashikwa, uchunguzi haujakamilika.

Vipimo ninavyotaka uombe ni hivi. Hesabu kamili ya damu irudiwe, kwa sababu ugonjwa wa tezi umetulia: seli nyeupe zikiwa zimepanda hadi kawaida, hilo ni jibu zuri linaloelekeza kwenye Kikuchi peke yake, zikibaki chini miezi mitatu baadaye, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa zimeshuka, tunatafuta zaidi. Kingamwili dhidi ya DNA, ziitwazo anti-dsDNA, na zile ziitwazo anti-Sm: hizi ndizo zinazoelekeza kwenye lupasi hasa, na moja ikiwa chanya ina alama 6 peke yake. Protini za C3 na C4, ambazo hushuka lupasi inapofanya kazi. Kingamwili za anti-Ro na anti-La, kwa sababu ugonjwa wa Sjögren, unaokausha macho na mdomo, nao umeonekana pamoja na Kikuchi, na pia kwa sababu mwanamke mwenye anti-Ro anahitaji kumwambia daktari wake kabla ya kubeba mimba ili moyo wa mtoto ufuatiliwe. Kingamwili za antifosfolipidi, ambazo huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Ukiwa nazo, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havikufai. Homoni za thairoidi, kwani kinga kushambulia tezi hiyo ni ushirika mwingine ulioripotiwa, na thairoidi ikilala nayo huchosha mwili na kunyonyoa nywele.

Na mkojo. Uliuliza kuhusu figo, na hapo umeuliza swali sahihi kabisa. Lupasi inaweza kuanza kuziumiza figo bila maumivu yoyote na bila mkojo kubadilika rangi, na dalili za mapema ni protini na damu ambazo macho hayazioni. Kipimo chake ni rahisi mno. Mkojo upimwe sasa, kwa kipimo kinacholinganisha protini na kreatinini, pamoja na kuangaliwa kwa hadubini, na upimwe tena kila unaporudi kliniki. Kama nina kitu kimoja cha kukusisitizia katika barua hii ndefu, ni hicho. Shinikizo la damu nalo lipimwe siku hiyohiyo.

Kuna hatua nyingine ambayo wagonjwa wengi hawaijui. Kipande cha tezi yako bado kipo. Maabara huhifadhi tezi iliyotolewa ndani ya vipande vya nta pamoja na vioo vyake, na una haki ya kuomba visomwe tena na mwanapatholojia mwenye uzoefu wa tezi za limfu. Tezi ya lupasi inaweza kufanana na ya Kikuchi hata mtaalamu akashindwa kuzitenganisha, lakini ziko alama ambazo zikionekana huelekeza kwenye lupasi: madoa ya rangi ya zambarau yanayoitwa miili ya hematoksilini, DNA iliyoganda kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, mishipa iliyovimba, na seli za plazma nyingi. Kwenye Kikuchi ya kawaida seli za plazma ni chache. Msomaji asiyejua kwamba ANA yako ni chanya huenda hakuwa na sababu ya kuzitafuta alama hizo. Kwa hiyo ombi liandikwe pamoja na historia yako yote: umri, homa, viungo, seli nyeupe, ANA. Katika usomaji huohuo, limfoma itakuwa imekataliwa na jicho la pili. Hakikisha pia kwamba tezi ilipimwa vimelea vya TB, na kwamba wewe umepimwa VVU, kwa kuwa yote mawili huvimbisha tezi za shingo na yana tiba yake.

Uliuliza kama uanze dawa za lupasi mapema. Jibu langu ni hapana, si kwa ANA peke yake. Kikuchi isiyo na makali hutibiwa kwa kupunguza dalili: parasetamoli, au ibuprofeni kama figo na tumbo vinaruhusu, na kupumzika. Steroidi kama prednisoloni huwekewa wale ambao homa haishuki, wanaozidiwa, au ambao ugonjwa umegusa viungo vingine kama ubongo au ini. Wewe homa imeisha bila steroidi, na sioni sababu ya kukuletea kisukari cha dawa, mifupa dhaifu na hatari ya maambukizi kwa ajili ya ugonjwa ambao haujathibitishwa.

Haidroksiklorokwini ni habari nyingine kidogo. Ndiyo dawa ya msingi ya lupasi, na imetumika pia kwa wagonjwa wa Kikuchi ambao ugonjwa hurudi au hauishi. Daktari wa baridi yabisi akishika viungo vyako akakuta uvimbe wa kweli, au anti-dsDNA ikatoka chanya, au C3 na C4 zikawa chini, mazungumzo yatabadilika, na nitaunga mkono uianze bila kuchelewa. Dozi yake haipaswi kuzidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, na macho hupimwa mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, kwa sababu inaweza kudhuru retina. Lakini hiyo ni dawa ya kuanzishiwa na daktari anayekujua. Usiitafute mwenyewe kwa kuwa umesoma habari zake.

Tuseme sasa vipimo vyote vimetoka vizuri, na viungo vimetulia. Hapo utakuwa na Kikuchi iliyopona, na ANA ambayo haijatueleza kitu. Bado nitataka uonekane kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja kwa mwaka kwa miaka kadhaa, kwa kuwa lupasi ya baadaye inaweza kuchelewa. Kila mara: mazungumzo, shingo na kwapa vishikwe, viungo vishikwe, shinikizo la damu, hesabu ya damu, mkojo. Si kazi kubwa. Katikati ya miadi hiyo, ishi. Huhitaji kulikimbia jua kama mgonjwa wa lupasi wala kubadili mpango wako wa ndoa au wa kuzaa kwa sababu ya Kikuchi peke yake.

Tezi zinaweza kurudi. Vitabu kwa muda mrefu viliandika kwamba hurudi kwa wagonjwa 3 hadi 4 kati ya mia. Kwenye uchunguzi ule wa Ufaransa, kati ya 38 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, wanane zilirudi. Zikirudi kwa namna ileile, hazina maana ya saratani, wala peke yake hazina maana ya lupasi, ila uonekane tena na vipimo vya kinga virudiwe. Zikirudi zikiwa ngumu, zisizouma, zinazokua wiki baada ya wiki, au zikitokea juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo, itabidi nyingine itolewe, hata kama majibu ya kwanza yalikuwa wazi.

Usingoje siku ya miadi ukiona upele mwekundu wa mashavuni unaovuka pua, vidonda vya mdomoni visivyouma, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, miguu au uso kuvimba, mkojo wenye povu lisiloisha, au vidole kugeuka vyeupe na bluu kwenye baridi. Ukipata upele wowote mpya, omba kipande kidogo cha ngozi kipimwe, kwani baadhi ya watafiti wameona kwamba aina fulani ya uvimbe kwenye mpaka wa tabaka za ngozi huenda ikawatambulisha mapema wale wanaoelekea kwenye lupasi. Na nenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, kama homa kali inarudi pamoja na kutokwa damu au michubuko, macho kuwa manjano, kuchanganyikiwa, au kichwa kuuma sana huku shingo imekaza. Mara chache Kikuchi huzusha uvimbe wa utando wa ubongo usiotokana na bakteria, na mara chache zaidi kinga huwaka mwili mzima na kuanza kula seli za damu. Hiyo ya pili huua isipotibiwa upesi, na daktari wa zamu anatakiwa aambiwe mapema kwamba uliwahi kuwa na Kikuchi ili apime feritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, na hesabu ya damu bila kupoteza saa.

Kuhusu mdogo wako: hapana, asipimwe. Kikuchi haiambukizi kwa kugusana wala kwa kuishi chumba kimoja. Ni kweli kuna vinasaba vya kinga vilivyoonekana zaidi kwa wagonjwa wa Japani kuliko kwa watu wengine wa huko, na ndugu wawili kuugua wote kumeripotiwa, lakini ni mara chache sana. Akiwa mzima, ANA yake ikitoka chanya haitamwambia lolote la kufanya na itamnyima usingizi kama ilivyokunyima wewe. Siku akivimba tezi zisizoondoka kwa wiki tatu au nne, au akipata homa isiyo na maelezo, aende hospitali na amwambie daktari kwamba dada yake aliugua Kikuchi.